Daktari kasema upunguze kazi, na kazi yenyewe ni kuchekesha: jibu refu kidogo

Mkuu, nimeona swali lako. Unasema umegundulika una kisukari cha kuchoma insulini na presha juu. Onyesho lako la saa moja limefika nusu, kuna podikasti ya kila wiki na vichekesho vifupi vya mtandaoni, na nyumbani wanataka uache vyote. Unauliza uache kipi, na kama kuna haja ya kuwaambia watazamaji. Mimi nina sukari na moyo kwa miaka mingi, na bado jukwaa ndilo linanilisha. Nitajibu kama mtu wa kazi hii. Dozi na sindano ni za daktari wako.

Waliokutangulia kukujibu wengi wamekupa ile ya "kicheko ni dawa". Kwa anayecheka, huenda. Wewe pale juu hucheki hata kidogo. Unasikiliza upande gani wa ukumbi umepoa, unakata maneno, unawinda panchi (ile sentensi ya mwisho inayoangusha kicheko) inayofuata huku mdomo bado uko kwenye hii. Mwili unaona mtu yuko hatarini, basi unamwaga adrenalini, homoni ya hatari: moyo unaenda mbio, presha inapanda, na ini linaachia sukari kwenye damu. Ukipima muda mfupi kabla hujaitwa utakuta iko juu. Ukiichoma insulini ili kuishusha, adrenalini ikija kuisha baadaye kidogo, sindano inabaki peke yake na sukari inaporomoka ukiwa katikati ya kisa. Hili liulize kliniki kwa maneno hayohayo: "Nikikuta iko juu kabla ya kupanda jukwaani, nifanye nini?" Wakikuambia tu upunguze mawazo, uliza tena.

Sasa hapa ndipo penye kazi yetu hasa. Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kupoteza mtiririko wa maneno. Si ndizo dalili za hofu ya jukwaa? Mchekeshaji amezizoea, tena amejifunza kuzipuuza. Ongeza hili: baadhi ya vidonge vya moyo na presha, vile vya jamii ya beta-bloka, huficha kutetemeka na mapigo ya moyo. Kinachobaki kukuonya ni jasho zaidi, na chini ya zile taa nani asiyetoka jasho?

Yamenikuta. Usiku mmoja nilisimulia kisa, nikamaliza, nikakianza upya. Ukumbi ukacheka kuliko mwanzo. Nikakirudia tena. Walidhani ndiyo mtindo wangu mpya, jamaa anarudia upuuzi uleule na uso mkavu mpaka unanoga. Kichwani mwangu kila mara ilikuwa ndiyo mara ya kwanza. Aliyeshtuka ni fundi sauti, maana shati langu lilikuwa limelowa mpaka kiunoni na ukumbi ule ulikuwa na kiyoyozi cha kugandisha watu. Akazima maiki, akapanda na juisi. Wakampigia makofi na yeye! Mpaka leo wapo wanaoniambia hawajawahi kuniona nikichekesha kama siku ile.

Kwa hiyo, mkuu, hatari yako kubwa haiko kwenye wingi wa kazi kama unavyodhani. Hatari ni kwamba ukianguka watu watacheka. Tommy Cooper, mchekeshaji wa Uingereza, alianguka jukwaani London tarehe 15 Aprili 1984, kipindi kikiwa mubashara kwenye televisheni. Alikuwa amepatwa na shambulio la moyo. Watu waliendelea kucheka wakiamini ni sehemu ya mchezo, kwa sababu maisha yake yote aliwachekesha kwa mambo yanayoharibika. Redd Foxx, mchekeshaji wa Marekani, alikuwa maarufu kwa kuigiza mtu anayejifanya kapatwa na shambulio la moyo. Oktoba 1991 akapatwa kweli akiwa kazini, na wenzake mwanzoni wakadhani ni yaleyale.

Nisikutishe, ila chukua kazi ya kufanya kutoka hapo. Kila ukumbi, mtu mmoja aliye pembeni ya jukwaa lazima ajue. Asiwe promota, huyo ana mlango wa kulinda. Fundi sauti au mshereheshaji anafaa, kwa sababu muda wote anakutazama. Mkubaliane ishara ambayo huwezi kuitumia kwenye utani wowote. Usiseme "nitashika kifua", maana utakishika siku moja kwa ajili ya kichekesho, nakujua. Yangu ni kuweka maiki sakafuni. Sijawahi kuwa na kichekesho kinachohitaji maiki sakafuni na sitakiandika. Tena mpe ruhusa ya kukukatiza hata bila ishara, umuahidi kwamba hutamnunia akikosea.

Juu ya meza iwepo juisi au soda yenye sukari. Kagua mwenyewe, maana watu wakisikia kisukari wanakuletea ile isiyo na sukari kwa nia njema kabisa. Mashine ya kupimia sukari ikisoma chini ya 3.9 mmol/L (au 70 kwa zile zinazopima kwa mg/dL), kawaida tunafundishwa kuchukua gramu 15 za sukari inayoingia haraka, kusubiri dakika 15, kisha kupima tena. Hizo dakika 15 anazijaza mshereheshaji, ndiyo kazi yake.

Kuhusu uache kipi: podikasti. Najua itakuuma, lakini kitu cha kila wiki hakijui kama jana ulikuwa kliniki. Vichekesho vifupi virekodi kwa mkupuo siku ambazo mwili uko sawa, uviachie polepole. Jukwaa usiliache, ila punguza yale yanayolizunguka: safari za usiku, kula saa nane za usiku kwa sababu ndipo ulipopata nafasi, kukaa na mashabiki mpaka viti vinapangwa. Mimi jukwaa halijawahi kunilaza. Vilivyonilaza ni hivyo.

Utaniambia kuna watu wanaokutegemea, meneja, mpiga picha, dada wa mavazi. Jambo la zamani hilo. Molière, mwandishi na mwigizaji wa vichekesho wa Ufaransa, alipanda jukwaani Paris tarehe 17 Februari 1673 akiwa anaumwa kifua, akiigiza mtu anayejidhania mgonjwa, na alikufa usiku uleule. Inasimuliwa kwamba alisihiwa apumzike akakataa, eti wafanyakazi wake wangekosa ujira wa siku. Namheshimu, lakini naona hesabu yake haikutoka. Kesho yake ujira ulitoka wapi? Waambie watu wako mapema kwamba shoo zitapungua, watafute kazi nyingine za kujazia.

Kuwaambia watazamaji? Hapa hakuna njia moja. Billy Connolly, mchekeshaji wa Uskoti, alitangaza mwaka 2013 kwamba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili, akaendelea kupanda jukwaani miaka kadhaa na kuichekea palepale. Norm Macdonald, mchekeshaji wa Kanada, aliishi na saratani karibu miaka tisa bila watazamaji kujua, hakutaka wamwangalie kwa jicho jingine, akafariki Septemba 2021. Wote wawili nawaelewa. Ukichagua kusema, jua kwamba hadhira yenye huruma haicheki. Niliposimulia habari za moyo wangu mara ya kwanza, ukumbi ulipoa kama matanga. Niliwapeleka hospitali kabla sijawaambia nilitoka. Siku hizi naanza na mwisho: nilipona, bili nimelipa, nimenenepa. Wakishatulia, ndipo nawaingiza wodini, na huko wanacheka mpaka basi. Na usiseme ugonjwa ukiwa bado mbichi kwako mwenyewe. Watakusikia sauti.

Huyo Macdonald ana jambo jingine la kukufaa. Mwaka 2020, kabla ya kwenda kufanyiwa matibabu, alirekodi onyesho lake zima nyumbani, mfululizo, bila hadhira, na lilitoka baada ya kifo chake. Hiyo nusu uliyonayo irekodi wiki hii kwa simu, ukiwa umekaa, na makosa yake yote. Mimi hufanya hivyo kila ninapopewa tarehe ya kulazwa, na mara nyingi nikirudi nafuta nusu yake kwa sababu haichekeshi.

Nyumbani, nenda na mkeo kliniki, aulize yeye kuhusu jukwaa. Anachoogopa ni simu ya saa saba usiku. Mpe namba ya yule fundi sauti. Halafu rudi hapa utuambie daktari amesemaje kuhusu vidonge vyako vya presha na insulini kwa pamoja, maana hujataja unatumia vipi.