Shujaa ni lazima afe? Tumwangalie Kinjeketile

Mleta uzi anasema shujaa wa kweli kwenye hadithi ni anayejitoa mhanga, na anayebaki hai mwishoni ni mhusika mkuu tu. Nakubaliana naye nusu. Kufa peke yake hakunibabaishi, maana mwandishi akiamua anaua watu kumi kwa sentensi moja. Mimi huuliza: alikuwa na njia ya kupona, na aliijua?

Shuleni tuliigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyotoka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji, pale watu wa kusini mwa Tanganyika walipowapiga Wajerumani wakiamini maji ya dawa aliyowapa Kinjeketile yatageuza risasi kuwa maji. Mimi nilikuwa askari, kazi yangu kushika bunduki ya mbao na kukunja uso, kwa hiyo onyesho la mwisho nilikuwa naliona kwa karibu sana. Vita imeharibika. Maji hayakuzuia risasi. Kinjeketile yuko kifungoni na anatakiwa aseme jambo moja tu, kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, mtu wake mwenyewe, anamsihi aseme. Siku tuliyoigiza mbele ya shule nzima, vijana wa viti vya nyuma walishindwa kujizuia: "Sema bwana, utakufa bure!" Jamaa aliyeigiza Kinjeketile akanyamaza muda mrefu kuliko tulivyozoea mazoezini, mpaka nikadhani kasahau maneno.

Hasemi. Na utamu uko hapa: hakatai kwa sababu anayaamini maji. Mwenyewe alishaingiwa na mashaka, na alitaka watu wasubiri wajifunze vita kwanza. Wao wakakimbilia kupigana. Anakataa kwa sababu akitamka neno lile, kesho mtawala atatangaza kila kijiji kwamba hata kupigana kwenyewe kulikuwa kosa, na watu waliokuwa wameanza kuungana watarudi kila mmoja kwao. Ila walioingia kwenye risasi wakiamini watalowa maji tu, ndugu zao hawakustahili kuambiwa ukweli? Tulibishana sana darasani na hatukuelewana. Ndiyo maana namweka juu ya wale mashujaa wa sinema wanaolalia bomu: kujitoa kwake kuna doa, na anakufa nalo.

Halafu linganisheni na historia. Kinjeketile halisi, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Ikaendelea hadi 1907. Hussein kamchelewesha. Kamwacha hai aone watu wanavyoshindwa Mahenge, ndipo akapata kitu cha kukataa. Angemwua mapema kama ilivyotokea, tungemhurumia tu.

Sasa hiyo nusu nisiyokubali: Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za Waswahili wa pwani ya Kenya. Huyu hakujitoa popote. Alipofungwa, mama yake alimpelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, walinzi wakaudharau. Akaomba wapige ngoma, akakata minyororo katikati ya kelele akatoroka. Alitaka kuishi, bwana! Mwishowe mwanawe wa kumzaa ndiye aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Hata hivyo akaamka, akachukua upinde, akaenda kupiga goti karibu na kisima, akafia pale na mshale mkononi, na mji mzima ukaogopa kuteka maji.

Kwa kipimo cha mleta uzi, huyo amedungwa tu na sindano. Nenda kaseme hivyo Lamu uone.