Kiti kwanza, kijiti baadaye

Nikisema mimi ni kondakta, watu huniuliza matatu ya njia gani. Nimezoea. Siku hizi najibu tu kwamba naongoza okestra, na hapo hakosi kijana wa kunivuta pembeni: "Mwalimu, na mimi nataka. Nianzie wapi?" Nimejibu mara nyingi hadi nimeona heri niandike.

Anza kwa kuketi. Mimi nilitoka kwenye kwaya, kama wengi wetu tuliolelewa na mashindano ya muziki ya shule. Sauti nne nilikuwa nazo kichwani, na mikono nilijua kuirusha. Siku niliyopewa kundi dogo la wapiga ala, nikasimama nikasema kwa kujiamini, "Haya, wote nipeni C." Wa fidla wakapiga C. Wa klarineti na tarumbeta nao wakapiga C yao, ambayo masikioni ni B flati, chini kidogo ya C ya fidla, kwa jinsi ala hizo zilivyoundwa. Ikatoka kelele ya kukunja uso, nami nikaanza kuwakemea wa tarumbeta kwamba hawajatuni. Mzee mmoja akateremsha tarumbeta yake magotini, akaniambia taratibu, "Mwalimu, C yangu si C yako." Waliobaki wakainamisha vichwa wasionekane wakicheka.

Baada ya aibu ile nilijifunza viola, ndugu wa fidla mwenye sauti nzito kidogo, na kukaa kiti cha nyuma miaka minne. Viola haina sifa; hakuna anayekuja kukupongeza. Lakini ukiwa katikati pale unazisikia sauti za ndani, na unamjua kiongozi anayekusaidia na yule anayekuchosha tu. Wengi hupenda kusimulia jinsi kondakta Mwitaliano Arturo Toscanini alivyoongoza opera ya Aida bila kutazama nota, mjini Rio de Janeiro mwaka 1886, akiwa na miaka 19. Husahau kwamba alitolewa kwenye kiti cha mpiga cello. Muziki ule alikuwa ameshaumeza akiwa ameketi.

La pili ni meza: kaa usome nota. Chukua Simfoni ya Tano ya Beethoven, ile ya pa-pa-pa-paa. Fungua nota uone: kinachotangulia ni kimya, pumziko la nusu pigo, ndipo pa-pa-pa zinafuata. Maana yake watu wote waingie pamoja kutoka kwenye kimya, na wa kuwapa pumzi hiyo ni wewe. Mkono ukisita, wataingia kama abiria wanaogombea mlango. Mimi hukaa na penseli na kuimba kila mstari peke yake, wa basuni hata wa timpani, kabla sijagusa kijiti cha kuongozea. Jirani zangu wamevumilia mengi.

Kisha weka simu kwenye stendi ujirekodi. Jorma Panula wa Finland, aliyewafundisha makondakta wengi, aliwatazamisha wanafunzi wake video zao wenyewe. Nilipojitazama mara ya kwanza niliona magoti yanadunda, mdomo uko wazi, na macho hayajatoka kwenye karatasi hata mara moja. Nilikuwa naongoza karatasi.

Fedha? Nitasema ukweli: kuongoza peke yake hakujawahi kunilipia kodi ya nyumba. Nafundisha viola na nadharia ya muziki, napanga nyimbo za harusi, na mwezi wa Desemba silali. Armand Diangienda alikuwa rubani wa ndege kabla ya kuanzisha okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, mjini Kinshasa mwaka 1994, ambako watu walipokezana fidla na waya za breki za baiskeli zikafungwa mahali pa nyuzi zilizokatika. Kwa hiyo usiache kazi yako wiki hii.

Wala usisubiri okestra kamili. Tafuta watu watano wanaopiga chochote, waandalie chai na mandazi, uwaombe nusu saa. Ukiwa mbele yao ongea kidogo, walikuja kupiga.

Kuhusu kijiti chenyewe, usitumie pesa. Changu cha kwanza kilikuwa cha mishikaki, nikakichomeka kwenye kizibo cha chupa. Kata ncha tu. Lully, mtunzi wa muziki kule Ufaransa, aliongoza kwa kugonga fimbo sakafuni, akajigonga mguu. Kidonda kikaoza na kumuua mwaka 1687.