Mama yake yuko wapi? Niulize mimi niliyezika mtoto wa mbwa

Mbwa wetu wa kwanza nilimnunua kando ya barabara, kwa kijana aliyekuwa na watatu ndani ya kikapu. Nilipouliza umri nikaambiwa miezi miwili. Tulimwita Chui. Siku ya nne aliacha kula, siku ya tano akaanza kutapika na kuharisha damu, na wiki ilipokwisha tukamzika nyuma ya migomba. Daktari wa mifugo alisema ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa. Alimfungua mdomo, akatazama meno, akaniambia mtoto huyu hajafikisha hata wiki sita. Binti yangu Neema alikuwa na miaka saba, na maswali yake ya usiku ule sikuwa na majibu yake.

Ukifiwa na mbwa kwa parvo, usikimbilie kuleta mwingine ili kumfuta mtoto machozi. Virusi vile hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Sisi tulisugua sakafu yote kwa maji ya klorini, tukachoma kila alicholalia, kisha tukangoja mwaka mzima na zaidi. Safari hii nilitafuta nyumba ambayo mbwa amezaliwa, siyo mtu anayeuza mbwa.

Nikaelekezwa kwa mwalimu mmoja mstaafu, Bigwa, hapa hapa Morogoro. Ana majike mawili tu, chotara wa mbwa wa Kijerumani, na kila jike huzaa mara moja kwa mwaka, asizidishe. Nilipofika hakunionyesha watoto kwanza. Alimwita mama yao. Jike likaja, likaninusa, likalala miguuni pake. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini, kwa sababu mtoto hurithi mengi kwa mama na mengine huyaiga kwake. Jike lililokonda mbavu, lenye kupe masikioni, linalofungwa mnyororo mfupi na kumrukia kila mgeni kwa hofu, litakuwa limekwisha kukuambia habari za watoto wake. Na muuzaji akisema mama hayupo, yuko shamba, yuko kwa ndugu, geuza uende zako hata kama mtoto ni mzuri namna gani.

Mwalimu aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi. Uzio upo? Mchana nani anabaki nyumbani? Tukisafiri Krismasi nani atampikia? Nilitaka kulipa shilingi 150,000 na kuondoka na mtoto siku hiyo hiyo, naye akakataa. "Mama Neema, hawa wana wiki tano. Waache ndugu zake wamfundishe kung'ata." Nilidhani nimesikia vibaya. Maana yake ni kwamba watoto wa mbwa hung'atana wakicheza, na anayezidisha hulalamikiwa na mwenzake, mchezo ukakatika. Kwa njia hiyo hujifunza kulegeza meno. Anayetengwa mapema hulikosa somo hilo, na wa kung'atwa wanakuwa watoto wako. Nilirudi wiki ya nane.

Nilipewa karatasi ya daftari yenye tarehe za dawa ya minyoo, kila baada ya wiki mbili, na kadi ya chanjo yenye stika iliyobanduliwa kwenye kichupa. Kadi isiyo na stika wala sahihi ya daktari usiiamini. Na chanjo moja haitoshi, jambo ambalo wengi hatulijui. Kinga anayoipata mtoto kwenye maziwa ya mama yake inaweza kuizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna anayejua siku ambayo kinga hiyo itakwisha mwilini. Kwa hiyo hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Kabla ya hapo Nyota, ndivyo tulivyomwita huyu wa pili, hakukanyaga njia ya mtaani ambako mbwa wengine hupita.

Lakini kutomkanyagisha si kumfungia. Hapa kwetu kuna imani kwamba mbwa akifungiwa bandani tangu mdogo, asione watu, ndipo anakuwa mkali wa kulinda. Anakuwa mwoga, na mbwa mwoga hamng'ati mwizi, anamng'ata mtoto aliyekuja kuokota mpira. Tangu wiki ya tatu mpaka karibu ya 14 ndipo ubongo wake unapokubali kwamba bodaboda ni kitu cha kawaida, mwavuli, adhana, muuza maji na mkokoteni wake. Mimi nilimbeba mikononi kila jioni mpaka dukani na kurudi. Watu walinishangaa, nami niliendelea.

Usiku wa kwanza alilia mpaka saa tisa. Mwalimu alikuwa amenipa kipande cha kanga alichokuwa akilalia mama yao, hakijafuliwa, nikakitandika ndani ya boksi na kuliweka kando ya kitanda changu. Mume wangu hakutaka mbwa alale ndani, na mama mkwe alisema mengi kwenye simu. Niliomba wiki mbili tu. Mtoto aliyelala na ndugu sita jana hawezi kulazwa peke yake gizani leo, katika baridi ya Juni inayoshuka Uluguru, kisha ategemewe kunyamaza. Nilikuwa nikinyoosha mkono tu anaunusa, anatulia. Usiku wa nne alilala.

Haja ilikuwa kazi ya saa. Akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kila baada ya saa mbili mchana, tulimtoa mahali pale pale karibu na mpapai, na akimaliza tunampongeza palepale. Akikosea ndani tulifuta, basi. Kumsukumizia pua kwenye mkojo na kumchapa humfundisha kujificha, ukaja kukuta uchafu nyuma ya kabati.

Chakula msikibadilishe siku ya kwanza. Muulize mfugaji alikuwa akila nini na mara ngapi, ukaendelee hivyo hivyo wiki nzima ndipo uchanganye chako kidogo kidogo. Wetu alikula mara nne kwa siku, ugali laini na dagaa waliooshwa chumvi, siku nyingine mapupu ya kuchemsha. Maziwa ya ng'ombe yaliwaharisha wengi niliowaona. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama sindano, na vitunguu ni sumu kwake. Ila ninalolisisitiza kuliko yote ni unga: yale mahindi yaliyoota ukungu, yanayouzwa bei ya chini kwa jina la "chakula cha mbwa", yana sumukuvu, na sumukuvu huua ini la mbwa kama inavyoua la mtu.

Kabla sijamleta nilimpigia hodi jirani yangu. Ni Mwislamu, huswali barazani kwake, na kwa mafundisho anayoyafuata mate ya mbwa yakimgusa itabidi aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilitaka alisikie kwangu, siyo kwa kelele za usiku. Tukakubaliana: yeye huita getini, "Mama Neema, mfunge!", nami hufunga kwanza ndipo afungue. Kamba ya nguo zake tuliihamishia upande wa pili. Mpaka leo hatujakosana.

Alipofikisha miezi mitatu akachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hiyo hata mbwa wa geti kali asiyetoka anaihitaji. Mtu aking'atwa, hata akikwaruzwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, maana dalili zikishatokea hakuna tiba.

Alipoingia mwezi wa nne tangu azaliwe tulimhamishia bandani nje. Usiku wa kwanza nilikaa kwenye kigoda karibu naye mpaka akasinzia, wa pili pia, nimejifunika shuka la Kimasai. Wa tatu nilikuta ameshaingia mwenyewe, kile kipande cha kanga amekivuta mpaka chini ya kidevu.