Maswali ya Wasomaji: Harufu ya Bafuni, Sinki Linalogoma na Koki Inayovuja

Swali: Shikamoo fundi. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba tuliyohamia mwaka jana. Bafu la ndani linatoa harufu ya choo, hasa asubuhi, ingawa tunalisafisha kila siku kwa dawa. Nimeona pia kwamba tukimwaga maji chooni, lile tundu la sakafuni hububujika kwa sauti. Fundi aliyejenga anasema tutafute dawa yenye nguvu zaidi. Je, ni kweli?
*Mama wa watoto wawili, Tabata*

Jibu: Marahaba, mama. Dawa iache kwanza dukani, kwa maana maelezo yako yanaonyesha kwamba tatizo halitokani na uchafu bali na hewa. Kila tundu la kutolea maji ndani ya nyumba, liwe la sinki, la beseni la kunawia au la sakafu ya bafu, linapaswa kuwa na mtego, ambao mafundi wengi huuita trapu, yaani sehemu ya bomba iliyopinda ili ibaki na maji wakati wote. Maji hayo, ambayo kina chake kwa kawaida hakipungui milimita 50, ndiyo yanayoizuia hewa ya shimoni isipande kuingia chumbani. Yakitoweka, hata mkisugua vigae kutwa mara tatu, harufu itarudi.

Njia mojawapo ya kutoweka kwake ni kukauka tu, jambo linalotokea zaidi katika bafu la wageni ambalo halitumiki kwa wiki kadhaa za joto. Hapo inatosha kumimina jagi moja la maji kila wiki, na mkisafiri kwa muda mrefu, ongezeni vijiko viwili vya mafuta ya kupikia, kwa kuwa mafuta huelea juu na kuchelewesha ukaukaji. Bafu lenu, hata hivyo, linatumika kila siku, na sauti unayoisikia inaniambia kwamba maji ya mtego yanafyonzwa. Mnapomwaga maji chooni, maji mengi huteremka kwa pamoja ndani ya bomba la inchi 4 na kuvuta hewa nyuma yake. Ikiwa mfumo una bomba la hewa lililosimama na kutokeza juu ya paa, hewa inayotakiwa itaingia kwa njia hiyo. Ikiwa bomba hilo halipo, au limefunikwa kwa kifuniko kigumu na mtu aliyedhani anazuia mvua, hewa itavutwa kupitia penye upinzani mdogo kuliko pote, napo ni kwenye mtego wa sakafuni, na maji yake yataondoka pamoja nayo.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe bila kuvunja kitu. Toa kifuniko cha tundu la sakafuni, mimina maji hadi yatulie, mulika kwa tochi, kisha mwambie mtu amwage ndoo nzima chooni kwa mkupuo huku wewe ukitazama. Maji yakitikisika na kushuka, umepata jibu, na dawa yake ni kuunganisha bomba la hewa lenye kipenyo kisichopungua milimita 50 karibu na mwanzo wa njia ya maji taka, kulipandisha hadi juu ya paa mbali na madirisha, na kufunga mdomo wake kwa wavu tu, kwa sababu mbu huzaliana kwa wingi katika mashimo ya maji taka. Msikubali bomba hilo liishie darini. Hewa chafu itashuka tena ndani kupitia matundu ya taa.

Unapofungua tundu hilo, kuna kitu kimoja ninachokuomba ukitazame kwa makini. Matundu mengi ya sakafu yanayouzwa madukani kwetu hayana bomba lililopinda. Mtego wake ni kikombe kidogo cha plastiki au cha chuma, kilichopinduliwa juu ya mdomo wa bomba, na kingo zake huzama ndani ya maji. Nywele na vipande vya sabuni hunasa hapo, maji yakaanza kusimama, na anayesafisha bafu akakitoa kikombe na kukitupa ili maji yaende haraka. Maji huenda haraka kweli, lakini kuanzia saa hiyo hakuna kizuizi chochote kati ya bafu na shimo, na mende nao hupata njia. Kama kikombe hakipo, nunua tundu zima jipya la kipimo hichohicho, kwa kuwa kikombe peke yake ni vigumu kukipata. Ikiwa kikombe kipo na maji hayashuki unapojaribu, chunguza saruji iliyo kwenye kitako cha choo, mahali choo kinapoungana na bomba, kwani ufa mwembamba hapo huweza kutoa harufu bila kutoa tone la maji.

Swali: Fundi, hujambo? Sinki langu la jikoni laenda polepole mno. Nimelitia soda kali mara mbili. Hufunguka siku chache kisha hali ikarudi ilivyokuwa. Niongeze kipimo?
*Msomaji, Likoni, Mombasa*

Jibu: Sijambo, ndugu yangu. Usiongeze, tafadhali. Mafuta ya mgando na mafuta ya nyama huingia kwenye sinki yakiwa ya moto na majimaji, kisha hupoa na kuganda kwenye kuta za bomba, yakashika punje za wali na makapi ya nazi. Soda kali huyayeyusha yaliyo karibu, ikayageuza kuwa sabuni nzito, na sabuni hiyo hushuka na kuganda tena mbele zaidi, mahali ambapo mkono haufiki. Ndiyo maana nafuu yako haidumu. Zaidi ya hayo, soda inapokutana na maji hutoa joto kali linaloweza kulegeza bomba la plastiki, na bomba likiwa limeziba kabisa, soda hubaki hapohapo ikimsubiri atakayefungua. Nimeona mikono ya mafundi iliyoungua kwa sababu mwenye nyumba hakusema alichomimina. Basi ukimwita fundi, mwambie kabla hajagusa kitu. Wala usichanganye kamwe dawa ya klorini ya kung'arisha nguo na dawa ya choo yenye asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo huharibu mapafu.

Subiri siku mbili bila kutia dawa, pitisha maji mengi, vaa glavu za mpira, kisha anza na mtego ulio chini ya sinki. Weka ndoo chini yake na ulegeze nati zake mbili za plastiki kwa mkono, spana huzivunja. Toa mtego, usafishe nje kwa brashi na maji ya moto yenye sabuni, na uzitazame raba zake. Raba yenye mshazari hurudishwa upande wake mwembamba ukielekea ndani ya kiungo na upande mpana ukigeukia nati, kwani ikigeuzwa itavuja hata ukikaza kwa nguvu zako zote. Ikiwa mtego ulikuwa safi, uzibaji uko mbele, nawe utahitaji waya wa kuzibulia, ambao huingizwa kupitia ukutani pale mtego ulipotoka, ukizungushwa taratibu mpaka ufike chemba ya nje, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia na kuzibulia njia ya maji taka. Njia ya sinki ikiwa haina chemba hata moja, hapo ndipo pa kutumia fedha zako badala ya kununua dawa kila mwezi. Mafuta ya kukaangia nayo yamwage kwenye kopo, na sufuria uzifute kwa karatasi kabla ya kuosha.

Swali: Nimebadilisha koki ya ukutani uani. Kila nikiikaza, maji yanachuruzika penye kiungo. Nimezungusha tepu nyingi, na jirani ananishauri nitumie katani. Naogopa kuvunja ukuta.
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Hofu yako ina msingi. Tepu huzungushwa kwa kufuata mwelekeo wa kukazia, yaani kisaa ukiitazama koki kutokea upande wa thredi, ile mikato ya mzunguko kama ya skrubu. Ikizungushwa kinyume, hujikunja na kusukumwa nje koki inapoingia, na wingi wake hausaidii. Safisha mabaki yote ya zamani kwanza, acha thredi ya mwisho wazi ili koki ishike njia, na uivute tepu ikaze mpaka michoro ya thredi ionekane. Koki ikishapita mahali pake usiirudishe nyuma hata kidogo ili inyooke, kwa kuwa kurudisha huachanisha tepu. Ifungue yote, uanze upya.

Katani ni nzuri kwa chuma juu ya chuma, na mafundi wa zamani walijenga nayo kazi zilizodumu. Lakini hufura inapolowa, na ikifura ndani ya kiungo cha plastiki, kiungo hupasuka ukutani bila wewe kujua. Mulika ndani ya kiungo chako: ukiona thredi za shaba, waweza kuitumia kwa kiasi, ukiona plastiki tupu, baki na tepu. Na ukiona ufa, tepu haitakufaa tena, ukuta itabidi ufunguliwe.

Swali: Ankara yetu ya maji imepanda bila sababu, na hatuoni palipolowa. Tuanzie wapi?
*Familia, Morogoro*

Jibu: Anzieni kwenye mita. Usiku, kila koki ikiwa imefungwa na tangi likiwa limejaa, tazameni kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, fungeni valvu inayopeleka maji ndani ya nyumba. Kikisimama, uvujaji uko ndani. Kikiendelea, uko kati ya mita na valvu hiyo, ardhini, au boya la tangi halifungi sawasawa. Ndani ya nyumba mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo: tieni rangi ya chakula, msimwage maji kwa nusu saa, kisha tazameni kama rangi imeingia kwenye bakuli. Uvujaji unaojaza kikombe cha mililita 250 kwa saa moja ni lita 6 kwa siku, yaani lita 180 kwa mwezi, nao huzibwa kwa raba ya bei ndogo.

Swali: Ninajenga Kibaha, na wiki ijayo tunaanza kupiga plasta na kuweka vigae. Nimdai nini fundi bomba kabla hajaondoka?
*Msomaji, Kibaha*

Jibu: Nakushukuru kwa kuuliza mapema, kwa sababu karibu kila barua ninayoipokea ingekuwa nyepesi kama kazi ingepimwa kabla ya kufunikwa. Mabomba ya maji safi ya PPR, aina ya plastiki ngumu, huungwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 za Selsiasi. Bomba la milimita 20 hupashwa kwa sekunde 5 hivi, husukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa, kisha huachwa lipoe kwa dakika 2. Fundi mwenye haraka hulipasha kupita kiasi na kulisukuma mno, plastiki ikajikunja ndani na kubana njia, na wewe ukaja kulaumu tangi kwamba msukumo ni mdogo. Kwa hiyo dai apime kwa pampu ya mkono yenye geji, kwa shinikizo lisilopungua mara moja na nusu ya lile la kazi, na mshale usishuke. Kujaza tangi tu na kutazama hakutoshi: tangi lililo mita 3 juu ya koki hutoa bari 0.3 pekee, wakati maji ya mamlaka au ya pampu yanaweza kuja kwa shinikizo kubwa mara kadhaa ya hilo.

Kwa maji taka, pima mteremko wewe mwenyewe ukiwa naye, kwa mpira mwangavu uliojaa maji, uleule mafundi wa ujenzi wanaoutumia kupata levo. Bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2 kwa kila mita, na la inchi 2 lishuke sentimita 2 na nusu. Njia ya mita 6 ya bomba kubwa basi itofautiane sentimita 12 kati ya ncha zake, bila bonde katikati, kwani penye bonde kinyesi hutulia. Penye kona dai kona mbili za digrii 45 badala ya moja ya 90, na chemba kila njia inapogeuka au kukutana na nyingine. Kisha ziba mwisho wa njia, ijaze maji na uiache kwa saa kadhaa, ukiweka alama ya kina chake kwa penseli.

Yote yakipita, nyoosha futi ya chuma kutoka kona ya chumba na kutoka sakafuni, upige picha ya kila ukuta huku namba za futi zikisomeka, ndipo uruhusu plasta ianze.