Mwanga unaomulika pembeni mwa jicho usiku

Swali: Daktari, mimi ni mama wa miaka 58, naishi Luanda, Vihiga. Tangu Jumapili, nikitoka usiku kufunga mlango wa jikoni, naona mwanga ukimulika pembeni mwa jicho la kushoto kama radi, halafu unapotea. Siumwi. Sasa kuna na vidoa vyeusi, kama mbu wanaoruka mbele yangu. Kwenye duka la dawa nilipewa matone. Jirani anasema ni presha. Je, nisubiri dawa iishe?

Jibu: Usisubiri, mama. Ukisoma haya asubuhi, nenda leo. Ukiyasoma jioni, iwe kesho mapema.

Nyuma ya lenzi, jicho limejaa ute mzito, kama ule mweupe wa yai bichi. Ujanani ute huo umeshikamana na retina, utando mwembamba unaopokea mwanga huko nyuma. Umri ukisonga, ute huyeyuka na kunywea, mwishowe hujibandua. Pale ute unapong'ang'ania, kila unapogeuza jicho ute huo unaivuta retina. Na retina haina maumivu: ikivutwa, wewe unaona mwanga, hata kama umesimama gizani. Wagonjwa wangu wa kando ya ziwa husema ni kama radi ya usiku inayopiga mbali, upande wa Homa Bay, bila ngurumo. Sijasikia mfano bora.

Wale mbu ni vivuli vya ute uliojikunja. Kwa wengi mambo huishia hapo. Lakini kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaokuja na dalili kama zako, ute ukijibandua huichana retina. Maji hupenya kwenye ule mchaniko na retina huanza kubanduka, kama rangi kwenye ukuta uliolowa. Mchaniko ukionekana mapema, tunauzungushia leza kwa dakika chache na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Retina ikishabanduka, ni upasuaji. Ikibanduka hadi katikati, sehemu tunayosomea, mara nyingi macho hayarudi kama zamani. Hiyo ndiyo sababu nakuharakisha.

Matone uliyopewa hayafiki huko, na hakuna matone yanayoziba retina iliyochanika. Presha pima, ni vizuri, ila si kawaida yake kuleta mwanga wa namna hii.

Kuna mwanga mwingine, wa kipandauso. Huo huja kama mistari yenye meno ya msumeno, hukua polepole kwa dakika 20 au 30, na mara nyingi kichwa hufuata kuuma. Ukiziba jicho hili au lile, bado unauona. Wako ni wa ghafla, wa jicho moja, na umekuja na vidoa. Mimi siuiti kipandauso.

Kwa kuwa uko Luanda, hospitali ya macho ya Sabatia haiko mbali. Kisumu, nenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi. Ukifika, usikubali kusomeshwa herufi ukutani tu kisha uruhusiwe. Mtu anaweza kuzisoma zote hadi mstari wa mwisho huku retina imechanika pembeni. Omba waipanue mboni na kuitazama retina yote. Watakutia matone yanayochoma kidogo, utasubiri kama nusu saa, kisha daktari atavaa taa kichwani na kukwambia: tazama juu, tazama chini, tazama kulia. Taa ile ni kali na machozi yatatoka. Vumilia, maana ni huko pembeni kabisa tunakotafuta. Waambie kama unavaa miwani mikali ya kuona mbali, kama umewahi kutolewa mtoto wa jicho au kupigwa jichoni, kama una kisukari, au kama kuna ndugu yako aliyewahi kubanduka retina.

Ukianza kuona kivuli kama pazia likishuka au likiingia kutoka upande, au vidoa vikamwagika ghafla kama masizi, ondoka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Wakikuambia ni ute tu uliojibandua, rudi tena baada ya wiki nne hadi sita, kwa sababu mchaniko huweza kuja baadaye. Tena nenda na mtu, mama, na ubebe kofia: ukishatiwa yale matone utaona ukungu kwa saa kadhaa na jua litakuumiza, na sitaki uvuke barabara peke yako.