Radiant Greninja imeondolewa, uweke nini?

Mdogo wangu, umeuliza kadi gani ichukue nafasi ya Radiant Greninja katika mchezo wa kadi za Pokémon, maana nyinyi wa Ibanda, Bukavu, mnacheza Standard ya 2025, yaani mtindo wa mashindano unaoruhusu kadi za karibuni tu. Ndiyo, tangu 11 Aprili 2025 kadi zenye alama F, kama Greninja huyo, hazikubaliki. Alama iko pembeni chini kushoto. Ila usitoe kadi kwa herufi peke yake: kadi yako ya zamani ya Ultra Ball ilibaki halali mwaka 2025, kwa kuwa ilikuwa imechapishwa tena kwa alama G.

Usitafute pacha wa Greninja, hayupo. Jiulize alikufanyia kazi gani. Ulitupa kadi moja ya nishati kutoka mkononi, ukavuta kadi mbili, kila zamu. Kama shida yako ni kuvuta, weka Fezandipiti ex: Pokémon wako akiangushwa katika zamu ya mpinzani, zamu yako unavuta tatu. Ubaya wake, akianguka yeye mpinzani anachukua zawadi mbili, yaani kadi za kuhesabia ushindi. Greninja alitoa moja tu. Kama ulitaka nishati zitupwe, mimi ningechagua Earthen Vessel, bila kusita: unatupa kadi moja, unatafuta nishati mbili za msingi.

Bukavu kadi hizi ni adimu. Andika jina kwenye karatasi, ijaribu na wenzako kwanza, ndipo umtumie mtu dola akununulie. Mashindano rasmi hayapokei karatasi.