Pointi 11 kati ya 14, na shingo ya mchumaji karafuu

SWALI: Asalaam alaykum dokta. Mie mfiziotherapia, nipo Wete. Nna mchumaji karafuu shingo inamuuma, mkono wa kulia unamuwaka mpaka kidole gumba. Nimekuta utafiti unasema kipimo cha Spurling, kile cha kuinamisha kichwa upande unaouma na kukiminya, kina usahihi zaidi ya asilimia 90, na umepata pointi 11 kati ya 14 za QUADAS, ile orodha ya maswali ya kupimia ubora wa tafiti za vipimo. Si naweza kukitegemea?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Hizo pointi ndo zinazonichosha, kila anonletea makala keshajumlisha. QUADAS ya 2003 ina maswali 14 kweli, lakini haikutungwa ili ijumlishwe, na ile mpya ya 2011 wenyewe wamesema kabisa usitoe jumla, kwa sababu utafiti unaweza kupata ndio 11 na ile hapana moja ikawa ndo imeuharibu wote.

Tazama walimpima nani. Wakichukua watu wanaosubiri operesheni ya diski za shingo, vile vitu laini vilivyo baina ya pingili, huku, na wanafunzi wazima wa skuli ya afya kule, basi hata ukiwauliza tu "mkono unakuwaka?" utapata asilimia 90, Spurling huihitaji. Wewe hupimi mgonjwa na mzima, unataka kumtenga mwenye neva iliyobanwa na yule ambae bega ndo bovu, na wote wawili wamekuja wanalalamika mkono huohuo.

Halafu wamelinganisha na nini? Ikiwa ni picha ya emarai (MRI) peke yake mie nasita, Japani waliwapiga emarai watu zaidi ya 1,200 wasokuwa na dalili yoyote, matokeo yakatoka 2015, na karibu asilimia 88 wana diski zilizotokeza. Na aliyeminya kichwa alikuwa keshaiona picha? Kama kaiona basi ataminya kwa nguvu zaidi bila kujijua, na kila mguno ataandika chanya.

Hata utafiti mzuri unasomwa vibaya. Wainner na wenzake, 2003, walipima watu 82 wenye dalili hasa, wakalinganisha na kipimo cha umeme wa neva. Vipimo vyote vinne walivyovikusanya, Spurling ikiwemo, kuwa chanya kwa pamoja kunatokea mara 30 zaidi kwa mwenye neva iliyobanwa kuliko asokuwa nayo, na hiyo 30 imo kwenye kila slaidi, ila hawasemi kwamba kiwango chake kinaanzia 1.7 kinafika 538, yaani watu walikuwa wachache mno.

Kwa mgonjwa wako: Spurling ikipeleka kule kuwaka mpaka mkononi, si shingo kuuma tu, ina uzito. Ikiwa hasi usimwambie hana kitu. Mnyooshe neva za mkono pia, hiyo ikiwa hasi ndo inasaidia kuondoa shaka ya neva kubanwa.

Na hawa wavuta shingo wa kwenye video, wanamzungusha mtu mpaka shingo ilie kisha wanataja asilimia walizookota ili waonekane wataalamu, wananikera sana, maana hawajauliza hata kama miguu inamlegea mtu, kama anashindwa kufunga vifungo vya shati, au mkojo unamsumbua. Hapo uti wenyewe wa mgongo huenda umebanwa, wala Spurling usifanye. Mwenye dalili hizo asiguswe shingo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.